Unarudi kwenye baiskeli ya milimani? Anza na mwili wako

Mtu aliyeacha baiskeli siku nyingi akiingia dukani leo anakuta mengi mapya, na jicho hukimbilia ile yenye shokapu mbele na nyuma. Kama unaendesha wikiendi tu kwenye njia za udongo na changarawe, ushauri wangu ni huu: chukua yenye shokapu mbele peke yake. Kwa bei ileile, aliyeongeza shokapu ya nyuma lazima amebana kwingine, mara nyingi kwenye breki, gia na magurudumu. Halafu ile ya nyuma ikiwa ya hali ya chini, ukipanda mlima inabonyea kila unapokanyaga na kukumalizia nguvu. Mbele, mchezo, yaani urefu ambao shokapu inabonyea, wa milimita 100 hadi 120 unatosha kabisa.

Ila kabla ya hayo yote, ikuenee. Simama nayo katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Bomba la juu lisikuguse. Kisha panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo siti inapotakiwa kuwa. Shika usukani: viwiko vikinyooka na mabega yakavutwa mbele, fremu ni ndefu kwako. Mimi niliporudi kuendesha, viganja vilikuwa vinakufa ganzi njiani. Fundi alinibadilishia shingo ya usukani akaweka fupi, ganzi ikaisha. Watu wengi huacha baiskeli kwa maumivu ya namna hiyo wakidhani ni umri.

Ukubwa wa magurudumu usikunyime usingizi. Inchi 29 hupita juu ya mawe na mizizi kwa urahisi, 27.5 hukata kona vizuri na huwafaa wafupi.

Pesa ikibaki, iende kwenye breki. Za diski zinazotumia mafuta unazivuta kwa kidole kimoja, na kwenye mteremko mrefu ndipo utakapojua thamani yake, maana mkono uliochoka haushiki usukani sawasawa. Zijaribu dukani: wenzo wa breki ukizama mpaka kugusa usukani, huenda kuna hewa kwenye mafuta, mwambie fundi aitoe kwanza.

Tairi za upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 ni nzuri, na usizijaze upepo zikawa ngumu kama jiwe. Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa ubavuni ni kikomo. Ukiufikia, tairi litarukaruka badala ya kushika ardhi.

Kwa iliyotumika, kagua nyufa pale mabomba ya fremu yanapoungana, mikwaruzo kwenye nguzo za shokapu, kisha inua gurudumu ulizungushe uone kama linayumba. Muuzaji akikukatalia kuijaribu kwenye mlima, hata mfupi, tafuta nyingine.