Bunge la kwanza la Jamhuri ya Nne ya Ghana, 1993–1997
Je, Bunge hili lilikuwa la chama kimoja? Kisheria hapana, ingawa kwa vitendo lilikaribia sana kuwa hivyo. Kati ya viti 200, chama cha NDC cha Rais Jerry Rawlings kilipata 189, vyama vya NCP 8 na EGLE 1, na wagombea binafsi 2, akiwemo Hawa Yakubu wa Bawku Central. Na kwa kuwa NCP na EGLE walikuwa washirika wa NDC katika uchaguzi huo, waliobaki nje ya muungano wa serikali ni hao wawili tu.

Sababu ni kwamba NPP na vyama vingine vya upinzani, vikidai kuwa uchaguzi wa rais wa tarehe 3 Novemba 1992 ulivurugwa, vilisusia ule wa wabunge uliofanyika Desemba 29. Upinzani wa kweli ukahamia mahakamani na barabarani: mwaka 1993 NPP ilishinda katika Mahakama ya Juu kesi ya kupinga sharti la kibali cha polisi kwa maandamano, na mwaka 1995 maandamano makubwa ya Accra yalichangia kufutwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 17.5, ambayo Bunge hilohilo lilikuwa limeipitisha.

Hata hivyo, tusilidharau, kwani lilimaliza miaka yake minne kamili, jambo ambalo mabunge ya Jamhuri ya Pili na ya Tatu hayakujaliwa, yote mawili yakiwa yamekatizwa na mapinduzi ya kijeshi, mwaka 1972 na 1981.