Jina la gemu lichague kama utakayekaa nalo

Ukiingia Call of Duty: Mobile, gemu ya vita ya kwenye simu, kwa mara ya kwanza, kabla hujashika hata bunduki unaulizwa jina. Wengi wetu hapa Kisumu hulijaza mbio mbio: neno la kutisha, kisha 254 mwishoni. Shabiki wa Gor Mahia atatia K'Ogalo, amemaliza. Mimi nakuomba utulie hapo. Hilo ndilo watakalokuitia kwenye maiki kila usiku, na wapo watu ambao hawatakujua kwa jina lingine kamwe. Liwe linatamkika, na likisomwa mbele ya mama yako usione haya. Mwaka wa kuzaliwa na jina la shule usiviweke humo.

Hata hivyo, jina uliloandika ni nusu tu. Nusu nyingine hupewa na wenzako, kwa yale unayotenda. Kikosi chetu kina watu wa Kondele, wa Kakamega, na mmoja yuko Nakuru. Tumecheza pamoja tangu gemu hiyo itoke mwaka 2019. Katika mechi za kubaki wa mwisho, mimi huchagua kuwa tabibu: natibu walioumia, nawainua walioangushwa. Akaunti yangu ina jina la kivita ambalo hakuna anayelitumia. Wao huniita Daktari. Na si kwenye mechi pekee. Siku hizi wananitafuta niseme nani akopeshwe bando, nani amenuna apigiwe simu. Nami nimeikubali kazi hiyo, naipenda, na imenifanya mtu wa kusikiliza zaidi hata nyumbani. Kwa hiyo usichague nafasi ndani ya kikosi kwa kuangalia nani anapata sifa za kuua. Chagua ile ambayo ungependa kuitiwa.

Na uangalie unachokivaa. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson waliwapa watu miili ya kidijitali, wengine mirefu, wengine mifupi, kisha wakawaweka kugawana pesa. Waliopewa miili mirefu walibana zaidi, wakijivutia fungu kubwa. Wa mifupi walikubali kwa wepesi mgao usio wa haki. Mwili wa kuazima tu, tena kwa muda mfupi! Ndiyo maana sishangai ninapomsikia kijana mpole wa duka la Kibuye akivaa kinyago cha fuvu na kuanza kutukana wazazi wa watu. Akibadilisha vazi huenda akapoa, lakini dawa kubwa ni kikosi kumwambia hapo hapo, bila kungoja mechi iishe. Sisi humzimia maiki raundi moja. Akirudi, tunaendelea naye.

Dada zangu, kwenu nina neno la ziada. Sauti ya mwanamke ikisikika kwenye maiki, mechi inaweza kugeuka posa au matusi. Wengi huchukua jina la kiume na kunyamaza. Kama hilo linakupa amani, fanya, hujamdanganya mtu. Ila usikae mafichoni miaka yote. Tafuta watu watatu wanaokuheshimu, uzungumze ukiwa nao, ndipo uingie kwenye makundi makubwa ukiwa na wa kukutetea. Sylvia Gathoni, mchezaji wetu wa Tekken, gemu ya ngumi na mateke, alijiita QueenArrow, malkia waziwazi, na mwaka 2018 akasajiliwa na timu ya Marekani, XiT Woundz. Mwonyeshe binti yako jina hilo.

Akaunti ya kununua iache. Renki ya juu, yaani daraja la ushindi, utaipata, lakini kampuni yenye gemu inakataza biashara hiyo na inaweza kuifunga wakati wowote. Isitoshe, marafiki walio ndani humo wanamjua mwenye akaunti wa kwanza. Watakusalimia kwa mambo yake, watakudai ahadi zake, na kwenye mechi ya kwanza watagundua si wewe.

Ile uliyoijenga mwenyewe, iunganishe na barua pepe yako na uweke nenosiri ambalo hulitumii kwingine. Wanaocheza kama wageni, bila kuunganisha akaunti na chochote, hupoteza kila kitu simu ikiibwa stendi: jina, renki, na orodha ya watu waliozoea kuwangoja saa tatu usiku. Ni kazi ya dakika chache kwenye mipangilio, ifanye kabla ya mechi ya leo.