Jibu: Sivand na kaburi la Koreshi
Ndugu, uliuliza kama bwawa la Sivand, kusini mwa Iran, litazamisha kaburi la Koreshi, mfalme wa kale wa Uajemi. Hapana. Kilichoanza kufunikwa na maji mwaka 2007 ni sehemu ya bonde la Bolaghi, pamoja na mabaki ya kale ambayo wachimbaji waliwahi kuyaokoa kwa sehemu tu, inasikitisha. Kaburini hofu ni unyevu unaootesha kuvumwani, vimelea kama ukoga vinavyong'ang'ania mawe, kwenye mawe ya chokaa. Asiikwangue mtu kuvumwani hiyo kwa brashi ya waya, uso wa jiwe hutoka nayo.

Ninachohofia zaidi ni visima vya uwanda wa Marvdasht, jirani na Persepolis, magofu ya mji wa wafalme wa Uajemi, na Naqsh-e Rostam, makaburi ya wafalme yaliyochongwa mwambani. Maji yakivutwa kupita kiasi, tabaka za udongo wa mfinyanzi hujibana, ardhi hutitia na kupasuka, wala hairudi mvua ikinyesha. Fungeni visima visivyo na kibali, vingine viwekewe mita za maji, nyufa za ardhi zipimwe kila mwezi. Kuziziba kwa saruji huku pampu zikinguruma ni kazi bure.