Maswali ya Wasomaji: Utepe wa superkondakta na upande wa sumaku

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Malindi. Mwanangu na wenzake chuoni wanataka kupima utepe wa superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila upinzani kikipozwa sana) wenye upana wa milimita 4, ndani ya naitrojeni kimiminika. Muuzaji ameandika zaidi ya ampea 100, lakini wameambiwa mkondo huo hushuka sumaku ikigeuzwa. Utepe ni uleule, sumaku ni ileile. Kugeuza kunabadilisha nini, na wapime vipi?

JIBU: Salamu zimefika. Namba ya muuzaji ni ya kelvini 77, yaani digrii -196 za selsiasi, bila sumaku ya nje. Kwa kazi ya koili, yaani utepe uliozungushwa duara ili uwe sumaku, haitoshi kabisa. Dai namba yenye uga wa sumaku na pembe yake.

Superkondakta yenyewe ni ngozi ya mikromita 1 au 2 tu, juu ya bamba la aloi ya nikeli. Ngozi hiyo ina matabaka ya shaba na oksijeni yaliyolala sambamba na uso wa utepe. Uga wa sumaku huipenya kama nyuzi nyembamba, na mkondo wa umeme huzisukuma ubavuni. Zikitulia, hakuna volti. Zikiteleza, volti huzuka na joto nalo.

Sasa chukua ufito uuweke kati ya mikeka iliyorundikwa. Ukitaka kuutoa kwa juu, sharti uchane mikeka. Hivyo ndivyo nyuzi zinavyokwama sumaku ikiwa sambamba na utepe. Sumaku ikielekea usoni, nyuzi husimama wima na kusukumwa kuelekea ukingoni, ambako hakuna tabaka la kukata. Kwa tesla 1 (kizio cha nguvu ya uga wa sumaku) ya usoni, kwenye kelvini 77, mara nyingi hubaki chini ya robo ya mkondo wa awali.

Watengenezaji wengi huchanganya chembe za bariamu zirkoneti, zinazojipanga kama vigingi na kuzishika nyuzi za wima. Hapo pembe dhaifu kuliko zote huenda isiwe digrii 90, yaani sumaku ikielekea usoni wima. Kwa hiyo wasipime pembe mbili wakaridhika: waende kwa digrii 5, na karibu na usambamba kwa digrii 1, pande zote mbili, kwa sababu matabaka yenyewe huweza kuinama digrii kadhaa kutoka uso wa utepe.

Waya ziwe nne: mbili za mkondo kwenye ncha, mbili za volti zilizoachana sentimita 5, mbali na viungo vya mkondo. Kipimo kinachokubalika cha kusema mkondo umefika ukomo wake ni mikrovolti 1 kwa sentimita, basi hapa kikomo ni mikrovolti 5. Waya za volti zisokotwe pamoja, na volti inayosomeka kabla ya mkondo iondolewe kwenye hesabu. Walehemu kwa lehemu inayoyeyuka kwa joto dogo, haraka. Joto jingi huiharibu ngozi. Mkondo upande polepole na ukatwe mara kikomo kikipita, la sivyo utepe huungua.

Na tafadhali, milango na madirisha yawe wazi: lita 1 ya naitrojeni hugeuka takriban lita 700 za gesi na kufukuza hewa ya kupumua. Unyevu wetu wa pwani nao huganda kwenye utepe ukitolewa. Uachwe upate joto ndani ya mfuko mkavu uliofungwa.

SWALI: Mimi wa Lamu, nasoma Mombasa. Koili yetu huonyesha volti kwenye miisho kabla ya katikati. Tumekosea kulehemu?

JIBU: Tazama namna volti inavyopanda. Kiungo kibovu huongeza volti sawasawa na mkondo tangu ampea ya kwanza. Ikikaa sifuri kisha ikaruka ghafla, ni pembe: katikati ya koili uga huenda sambamba na utepe, miishoni hutawanyika na kuupiga usoni. Tumieni utepe mpana zaidi kwenye koili za miishoni, au wekeni pete za chuma hapo zivute uga kando.