Mavi ya mbwa yaokotwe siku hiyohiyo

Dada mmoja wa Mwanza ameniandikia kwamba mwenye nyumba amempa mwezi mmoja achague, mbwa au chumba. Kinacholalamikiwa ni uchafu uwanjani. Dada yangu, pole sana. Na mimi hapa Tanga nimeyapitia, na maneno niliyoambiwa sijayasahau.

Kwetu ni nyumba ya wapangaji: uwanja mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Nilipomleta mbwa wangu Simba angali mdogo, jirani mmoja alinitamkia mbele za watu kwamba anayeishi na mbwa hana tofauti naye. Nilinyamaza, lakini iliniuma, na hadi leo inaniuma, maana uwanja ule nilikuwa naufagia hata siku isiyo zamu yangu. Aliyenisaidia ni bibi wa chumba cha mbele. Nilimwamkia, akanikalisha, akasema: "Mwanangu, sisi tunaswali. Mbwa akitia ulimi kwenye ndoo yangu, naiosha mara saba, moja kwa udongo. Kila siku sitaweza."

Basi nikampangia Simba kona yake nyuma ya mpapai, mbali na bomba na kamba. Ana koleo lake, ufagio wake na ndoo yake, havichanganywi na vya nyumbani. Alfajiri, na kila alipomaliza kula, nilimfunga kamba nikampeleka konani mpaka akazoea kwenda mwenyewe. Mwezi huu jirani yule yule kamletea mwanawe mtoto wa mbwa, na aliyefuatwa kuombwa ushauri ni mimi.

Nilichomwambia ndicho ninachokwambia nawe: okota siku hiyohiyo. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa yanapotoka huwa bado hayajaiva. Huhitaji kama wiki mbili au zaidi udongoni ndipo yaweze kumwambukiza mtoto anayechezea mchanga kisha akatia vidole mdomoni. Yakishaiva hukaa ardhini hata miaka, jiki haiyaui, na minyoo michanga inayotoka humo inaweza kufika mpaka kwenye jicho la mtoto. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mistari inayopindapinda na kuwasha vibaya.

Hata hivyo, yako mayai yasiyongoja. Tegu anayeleta uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, ugonjwa uliowatesa sana watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, mayai yake huambukiza tangu yanapotoka. Kwa hiyo nawa kwa sabuni kila ukimaliza, na usimpe mbwa maini wala mapafu mabichi ya machinjioni, maana humo ndimo anamopatia tegu huyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, nami sijapata shida. Gazeti na koleo vinatosha. Nachota, nafunga kwenye gazeti, natumbukiza kwenye choo cha shimo. Mtaroni usitupe, mvua itayapeleka kwenye kisima cha mwenzio. Usiyatie kwenye mboji ya mchicha pia, hata kama mavi ya ng'ombe unayatia.

Akiharisha, mwagia jivu au mchanga, kisha chota pamoja na udongo wa juu. Kwenye sakafu ya saruji ondoa uchafu wote, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake jiki, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, uiache dakika kumi. Hiyo ndiyo inayoua kirusi cha parvo, kile kinachowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa. Jiki usiimwage juu ya mkojo, hutoa hewa inayochoma kifua.

Na dawa ya minyoo, jamani! Mbwa mchanga hupewa tangu akiwa na wiki mbili, kila baada ya wiki mbili hadi afikishe kama miezi mitatu. Mkubwa, kila miezi mitatu. Muulize daktari wa mifugo kipimo kulingana na uzito. Wenzangu tunaofuga, tukiona uvivu kuinama na koleo, watoto wa majirani ndio watakaougua, na hapo hatutakuwa na la kujitetea.

Dada wa Mwanza, mwezi unatosha. Jioni hii mchagulie kona, nunua koleo. Ikifika wiki ya tatu, mwite mwenye nyumba aje aukague uwanja mwenyewe, kabla hajakuletea barua.