Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya watoto, "unasikia sauti?" liulizeni vizuri

Kitu ambacho mi hakuna aliyeniambia naanza saikayatri (tiba ya magonjwa ya akili): mtoto anajibu swali ulilomuuliza, sio lile ulilokusudia. Nililetewa mtoto wa miaka 8 kutoka Manzese, usiku halali, darasani anasinzia, nikamuuliza huwa unasikia sauti za watu usiowaona? Akasema ndio, kila usiku, wanaume wanagombana. Mi nishaanza kuandika kwenye faili kama dalili ya ugonjwa wa akili, bahati dokta mkubwa alikuwepo akamuuliza taratibu, wanagombanaga wapi? "Nyuma ya ukuta." Kumbe ni wapangaji wa chumba cha pili, na baa iko hapo hapo nyuma. Yani angeondoka na dawa asizozihitaji kwa sababu yangu, mpaka leo inaniuma. Siku hizi lazima niulize na mama naye alisikia? ulikuwa umelala au macho?

Afu usimrudilie swali lile lile. Watoto wetu mwalimu akiuliza mara ya pili wanajua walikosea, kwaiyo atakubadilishia jibu ili ufurahi. Mwambie "mi ndo sijaelewa, hebu nieleweshe".

Muda nao shida. SDQ, lile dodoso la hisia na tabia za mtoto, ina vipengele 25 na inauliza miezi sita iliyopita, ya kujijaza mwenyewe ni kuanzia miaka 11, sasa huyu wa darasa la pili miezi sita ataijulia wapi? Muulize tangu Idi, au tangu mlivyofunga shule.

Akishakupa shikamoo we tayari ni mkubwa, na wakubwa hawabishiwi, kwaiyo vua koti, kaa nae chini kwenye mkeka, mpe penseli achore nyumba yao na wanaolala humo. Usianze kuagua mchoro, mkono ukiwa na kazi mdomo unalegea, basi. Mama akiwa anamjibia kila kitu, muombe kwa heshima akae nje kidogo.

Ila usimuahidi mtoto "sitamwambia mtu". Mwambie mapema kabisa, ukiniambia kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, itabidi tutafute mtu mzima wa kutusaidia.

Na kuhusu kufa ulizeni jamani, msiogope, kuuliza hakumpandikizii mtoto hilo wazo. "Kuna siku umetamani usingekuwepo?" Afu nyamaza. Kaa kimya hata dakika nzima, kalamu weka chini, muache.