Siku ya darasani ni siku ya kazi: maswali ya wanagenzi walioko Ujerumani

Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, na vijana wetu walio kwenye Ausbildung, mafunzo ya kazi yanayochanganya shule na mwajiri, wana maswali tele. Safari hii nimechukua yanayohusu saa za shule, zile ambazo hauko jikoni, wodini wala kwenye mtambo.

Nasomea upishi Hamburg. Jumanne nina vipindi saba shuleni, lakini bosi ananitaka jikoni jioni. Ana haki?

Hana. Kifungu cha 15 cha sheria ya mafunzo ya ufundi, BBiG, kinasema siku yenye vipindi zaidi ya vitano vya angalau dakika 45 inahesabiwa siku nzima ya kazi, hata kwa mwanagenzi mtu mzima. Kinga hiyo ni ya siku moja tu kwa wiki. Kama una siku ya pili ya shule, siku hiyo anaweza kukuita. Usianze kwa kugombana. Mwoneshe ratiba ya shule kwanza. Akikaza, mwone mshauri wa mafunzo wa chemba ya biashara na viwanda, IHK, kazi yake ni hiyo.

Fundi umeme, Kassel: mwalimu anaongea haraka, naondoka na nusu tu ya somo. Naona siku zangu za shule zinapotea bure.

Hazipotei, ila unasubiri darasa likufunze kila kitu. Jana yake fungua ukurasa wa somo linalofuata, chagua maneno kumi, uyaandike pamoja na der, die au das, vijineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino. Kesho yake kazini, kitafute kila kitu kwa macho. Ukishaufungua mwenyewe ubao wa fyuzi, ukaona nyaya zinavyoingia kwenye swichi ya kujikata, maelezo ya mwalimu yana pa kushika.

Kuna jambo jingine linalowagharimu wengi alama, nalo si umeme. Swali likisema „nennen Sie“, orodhesha tu. Likisema „begründen Sie“, wanataka sababu. Nimeona karatasi za watu wanaojua kazi vizuri, wameorodhesha vitu vitano mahali palipotakiwa sababu moja. Chukua mitihani ya miaka iliyopita, piga mstari chini ya kitenzi kabla ya kujibu.

Msaada wa bure upo pia: ofisi ya ajira, Agentur für Arbeit, hulipia masomo ya ziada ya wanagenzi, AsA flex. Ulizia mapema, ukingoja mpaka ufeli mtihani wa kati utakuwa umejibana mwenyewe.

Berichtsheft, daftari la kuandika nilichofanya na kujifunza mafunzoni, limenishinda. Nalijaza Jumapili usiku, miezi mitatu kwa mpigo. Kuna ubaya?

Upo. Bila daftari lililosainiwa huruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Na hiyo Jumapili unamzawadia mwajiri: sheria inamtaka akupe nafasi ya kuliandika mahali pa kazi. Omba robo saa Ijumaa kabla ya kutoka. Usiandike „nilisaidia“. Andika ulifunga nini, ulipima nini, kipimo kilisomaje, kwa Kijerumani chako kibovu hivyohivyo. Mkufunzi akikusahihisha kabla ya kusaini, umepata somo la lugha bila kulipa.

Nasomea uuguzi. Nikitoka kwenye wiki za shule narudi wodini nimeduwaa, sikumbuki chochote.

Mafunzo yenu ya miaka mitatu yana saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, kwa hiyo ni kawaida mikono na vitabu kupishana. Lakini angalau asilimia 10 ya saa za vitendo lazima ziwe za kuongozwa na mkufunzi wa wodi. Wengi huziacha ziliwe na uhaba wa wafanyakazi. Siku ya kwanza ukirudi, mpelekee mkufunzi mada mbili mlizosoma, tuseme kuzuia vidonda vya kulalia, na muulize ni lini mtazifanya kwa mgonjwa. Mtake aandike tarehe.

Na usikose vipindi ovyo. Kwa kawaida utoro unaovumiliwa hauzidi asilimia 10 ya saa za masomo, ugonjwa ukiwemo.

Naweza kuongeza kibarua cha wikendi?

Viza ya Ausbildung inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki. Ila jumla ya kazi zako zote ina kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki, na saa za shule zimo humo. Piga hesabu kabla ya kumwambia mtu ndiyo.